Sakafu Isiyopigwa Deki

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Ihumwa alileta fundi wa kumpigia msasa milango yake. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Mashine ikanguruma, upepo ukageuka, na vumbi la mninga likaja mpaka kwenye kamba yangu. Mninga ukisuguliwa hutoa harufu tamu yenye ukali ndani yake, inawasha pua halafu inashuka kooni na kukaa hapo. Iliniingia kabla sijaitambua. Niliona tu shuka limerudi ndani ya beseni, nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni kama mtu aliyeletewa habari mbaya. Mwanangu alinikuta hapo akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia vumbi limeniingia machoni, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli.

Ninyi wenzangu mliokulia Dodoma mnazijua sakafu zetu za enzi zile. Saruji, ikapakwa rangi nyekundu, ikasuguliwa kwa kumbi la nazi mpaka ikang'aa, na asubuhi kabla ya shule lazima ipigwe deki. Mtoto wa kike alipimwa kwa deki yake. Ukiacha michirizi utasikia, "Huyu ataolewa na nani?" Maji yalikuwa ya mgao, yanatoka bombani siku yakijisikia, lakini ya deki hayakukosekana. Tuliweza kulala bila kuoga, ila sakafu ilioga.

Kwetu Ipagala vyumba vyote vilikuwa na saruji kama kwa watu wengine, isipokuwa sebule. Sebule ilikuwa na sakafu ya mbao, mbao ndefu za mninga zilizolala bega kwa bega kutoka mlangoni hadi dirishani, rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea. Sikuwahi kuona nyingine mtaani kwetu. Watoto wenzangu walikuja kuitazama, wakaikanyaga kwa vidole vya miguu, wakaniuliza kama chini yake kuna shimo. Niliwaambia lipo na lina nyoka, ili wasizoee.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa masjala katika wizara moja. Kazi yake ilikuwa mafaili, na aliamini kila kitu duniani kina faili lake na mahali pake kwenye kabati. Siku walipong'oa sakafu ya jengo moja la zamani la ofisi mjini ili waweke marumaru, mbao zilirundikwa nje zikingoja mama lishe waje kuchukua kuni. Baba hakwenda kula mchana huo. Alirudi nyumbani jioni akitembea kando ya mkokoteni wa punda uliojaa mbao, koti mkononi, uso umejaa vumbi na furaha. Mama alitoka nje akatazama mzigo, akamtazama punda, akamtazama na Baba.

"Waume za wenzangu wanarudi na nyama," akasema. "Wangu amerudi na kuni."

"Hizi si kuni, Mama Mage. Hizi zimekanyagwa na mabwana wakubwa watupu."

"Basi zitakanyagwa na kuku wangu."

Baba alitafuta fundi seremala wa kuzipigilia, lakini kuzitunza alisema ni kazi yake mwenyewe. Ukifika mlangoni unavua viatu, uwe nani. Hata kandambili unavua. Mchungaji wetu alivua, tukaona soksi yake imetoboka kidole gumba, na Mama aliona aibu kuliko mchungaji. Miguu ya viti ilivalishwa soksi zetu za shule zilizochakaa. Na kuhusu maji, Baba alikuwa na neno moja tu: "Maji hayana faili humu ndani." Kuifuta, unachukua kitambaa, unakilowesha, unakikamua mpaka hakina tone, ndipo unafuta kwa kufuata mstari wa mbao, na nyuma yako unapitisha kitambaa kikavu. Aliyemwaga chai alikuwa na kesi. Baba akikuta doa hakuuliza ni nini, aliuliza, "Nani?" Sauti yake ya "nani" ilisikika hadi kwa Mama Yohana, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuwa akimwigiza mbele yetu na sisi tunacheka.

Msimu mmoja wa mvua bati lilivuja kwenye kona ya dirisha. Tulikuwa Mvumi kwa bibi mzaa mama, na tuliporudi tulikuta mbao za kona ile zimeinua vichwa. Nilidhani kweli nyoka wangu ametoka. Baba alipiga magoti, akanivuta nipige magoti naye.

"Mbao ni mti, Mage," akaniambia. "Mti hata ukifa haujasahau kunywa. Ukipata maji unakunywa, ukinywa unavimba, ukivimba unamsukuma mwenzake. Wote wakikosa pa kwenda wananyanyuka."

"Sasa itakufa?"

"Haifi. Inakaushwa polepole. Tunafungua madirisha, tunaiacha ipumue. Ukiikausha kwa haraka inapasuka. Ikishakauka tunaipiga msasa, inarudi ilivyokuwa."

Ikarudi kweli. Niliiangalia siku hadi siku, ikalala kidogo, ikalala tena, mpaka Baba akapita na msasa na nta na mtu asingejua palikuwa na ugonjwa. Nilikuwa mtoto wa kuamini ninachokiona, na nilichokiona ni kwamba kitu kikiingiwa na maji kinavimba, kikikauka kinapona.

Kila kiangazi, vumbi la Dodoma likishakuwa mwenyeji ndani ya nyumba, sakafu ilipigwa msasa upya. Baba aliomba likizo kwa ajili hiyo. Viti, meza na kabati la vyombo vilitolewa uani, na kwa siku zile tuliishi nje kama watu waliohamishwa. Alianza na msasa mkali, akaufunga kwenye kipande cha mbao, akapiga magoti juu ya gunia na kusugua kwa kufuata mstari. Kisha msasa laini. Kisha kufagia, kufuta vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini, na mwisho nta. Nta ilitoka Mvumi, Bibi alitutunzia kila walipovuna asali, matonge ya manjano yenye miguu ya nyuki ndani. Baba aliiyeyusha kwenye kopo juu ya maji ya moto, akachanganya na tapentaini, akapaka kwa kipande cha sweta. Mimi kazi yangu ilikuwa kuteleza. Alinivalisha soksi zake, nikakaa juu ya kipande cha blanketi, akanivuta huku na huku sebuleni mpaka sakafu ikaanza kutuonyesha sura zetu. Sijui kama nilisaidia kung'arisha chochote. Nilicheka mpaka nikapata kwikwi.

Mianya ya kati ya mbao hakuiziba. Kiangazi mbao husinyaa na mianya inafunguka hata senti inapita. Seremala alitaka kuiziba kwa gundi na unga wa mbao, Baba akakataa. Alisema masika zitarudi kushikana zenyewe, ukiziba sasa utakuwa umezinyima nafasi. Kwa hiyo kiangazi kizima tulitembea juu ya mianya ile myeusi, na chochote chembamba kikianguka humo tulikihesabu kimekwenda.

Mama alikuwa akimtania. Wafanyakazi wa serikali siku zile walikuwa wakipelekwa semina, na semina ilikuwa na posho, na watu walisema fulani amekwenda kupigwa msasa Arusha, fulani anapigwa msasa Bagamoyo. "Wenzako wanapigwa msasa na wanalipwa," Mama alimwambia Baba aliyekuwa amepiga magoti, jasho likimtiririka. "Wewe unapiga msasa na unalipa." Mimi niliwaza sana jinsi mabwana wale wanavyolazwa chini na kusuguliwa mgongo. Nikaona afadhali Baba hakuchaguliwa.

Kiangazi cha mwisho Baba alipiga msasa vibaya. Nasema vibaya kwa maana ya kazi kwenda mwendo wa kinyonga. Alisugua mbao moja akakaa. Alisugua nyingine akaenda dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili, akavuta hewa mdomo wazi. Alikohoa. Mama alisema, "Hilo vumbi lako litakuua," akamfunga kitambaa puani, na sote tukakubaliana kuwa ni vumbi. Baba mwenyewe alikubali. Alimaliza sakafu kwa shida, akapaka nta bila kuimba, na safari ile hakunivuta kwenye blanketi. Alisema nimekua mzito. Nilijisikia fahari.

Vumbi lilipoisha kikohozi hakikuisha. Kisha viatu vyake vya kazini vikamkataa. Jioni moja alikaa kwenye kiti, Mama akambonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale, nyama haikurudi. Mama alibonyeza tena mahali pengine. Kesho yake waliondoka kwenda hospitali, na baada ya ile ya mjini wakaenda hospitali ya Mvumi, kwa sababu huko Mama alikuwa na ndugu wa kumsaidia kuuguza. Bibi akaja Ipagala kukaa na mimi.

Habari za hospitali zilifika kupitia simu ya Mama Yohana. Mama alipiga jioni, Mama Yohana akaja kwetu na simu mkononi, akampa Bibi, na Bibi akaiweka sikioni kinyumenyume. Siku ya kwanza ya kuisikia habari yenyewe nilikuwa nimesimama karibu kabisa. Sauti ya Mama ilitoka nyembamba: "Daktari anasema maji yameingia kwenye mapafu. Na miguu imevimba kwa maji hayo hayo."

Sikuogopa. Naomba nieleweke hapo. Mama Yohana aliweka mkono shavuni, na mimi nilipumua kwa raha, kwa kuwa ugonjwa huo nilikuwa naujua. Nilikuwa nimeuona kwa macho kwenye kona ya dirisha na nilikuwa nimeona unavyopona. Baba ameingiwa na maji, amevimba. Atafunguliwa madirisha, atakauka polepole. Siku nyingine Mama akasema wamemchoma sindano mgongoni wakamtoa maji, mengi, na sasa anapumua vizuri kidogo. Nikaona madaktari wa Mvumi wanaijua kazi.

Toka hapo nikaanza kuilinda sakafu. Sikuweza kumwambia mtu sababu na hata mimi sikuwa nayo kwa maneno, lakini moyoni ilikuwa wazi kabisa: sakafu ikibaki kavu, Baba atakauka. Nilipotoka shule nilivua viatu mbali, nikafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikaingiza kidole kwenye mianya kuhakikisha hakuna unyevu. Nilikatazwa kuingia sebuleni nikiwa na kikombe mkononi, na aliyenikataza ni mimi mwenyewe.

Bibi alinipa kazi. Kwake Mvumi nyumba ni ya udongo, na sakafu ya udongo huwezi kuifagia hivi hivi, unainyunyizia maji kwanza vumbi lilale. Asubuhi yake ya kwanza nilimkuta amesimama katikati ya sebule na kibakuli, vidole vimeshaingia majini.

"Bibi, hapana. Hapa hapanyunyiziwi."

"Hapanyunyiziwi kwa nini?"

"Baba hataki. Ikinywa maji inavimba."

Bibi alitazama chini, akatazama kibakuli. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, akachagua maneno. "Nyumba ya mjini," akasema. "Ina masharti kama mke mdogo." Akayamwaga maji nje kwenye mche wa mpapai, na hakurudia tena. Nilimpenda sana kwa hilo.

Kisha ikaja siku ile. Ilikuwa Jumamosi, jua kali, upepo umepumzika. Mama Yohana alipita ukutani akiita kwa salamu ya Kigogo, "Bibi Mage, Bibi Mage, mbukwenyi! Shemeji ameruhusiwa. Wako njiani."

Ameruhusiwa. Hospitali mtu akipona anaruhusiwa, akiruhusiwa amepona. Mimi sikujua maana nyingine. Nilikimbia nikazunguka nyumba. Nilipofika tena mbele nilimkuta Bibi bado amesimama palepale, mkono umeshika ukuta, na Mama Yohana anamwambia jambo kwa sauti ya chini. Nilidhani wanapanga chakula.

Haukupita muda akina mama wa kanisani wakaingia. Walikuwa wanne, Mama Yohana akiwa mmoja wao, kila mmoja na ndoo ya maji kichwani. Nisikilizeni vizuri hapo: mabomba yalikuwa makavu wiki nzima. Kila mmoja alikuwa amekwenda kwenye pipa lake la akiba, pipa la kupikia na kunyweshea watoto wake, akateka ndoo nzima, akaibeba juani kuja kwetu. Sijaona zawadi kubwa zaidi ya ile mtaani kwetu, hata kwenye harusi.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akasema Mama Yohana, akifunga kanga kiunoni. "Baba anakuja, tumekuja kumwandalia. Toa hivyo viti."

"Hapa hapapigwi deki, Mama Yohana."

"Eti nini?"

"Baba hataki maji. Ni mbao. Zitavimba."

Wale mama walicheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema mtoto anamlindia baba yake sakafu kama askari. Mama Yohana aliinama usawa wangu. "Mage, baba yako ana kifua. Vumbi lote hili likimwingia? Mama yako mwenyewe amesema vumbi ndilo lililomuumiza. Unataka aje alale kwenye vumbi?"

Mama alikuwa amesema hivyo kweli. Nilikimbilia kwa Bibi jikoni, nikamvuta kanga, nikamwambia awakataze, yeye ni mkubwa, yeye watamsikiliza. Bibi aliufuata mkono wangu hadi mlango wa sebule. Aliziona zile ndoo. Alizitazama kwa macho ya mtu aliyechota maji kwa miguu maisha yake yote.

"Wamebeba maji yao vichwani, Mage," akasema. "Niwaambie wayarudishe?"

Wakamwaga. Walimwaga kama inavyomwagwa kwenye saruji, ndoo inainamishwa, maji yanakimbia na povu la sabuni ya unga mbele yake. Ila hayakukimbia mbali. Mianya ilikuwa wazi kwa kiangazi, na maji yalizama humo yakitoa sauti ndogo ya kunywa, viputo vikapanda. "Jamani, sakafu hii ina kiu," mmoja akasema, wakacheka, wakamwaga nyingine. Wakapanga mstari, wakainama, wakaanza kusugua kwa tambara huku wakiimba pambio la kumshukuru Mungu kwa mgonjwa kurudi nyumbani. Nta ikageuka rangi. Ile rangi ya chai ikafifia chini ya mikono yao, mabaka meupe yakatokea, yakaungana.

Nilichukua sweta langu la shule nikapiga magoti kwenye kona ya dirisha na kuanza kukausha. Nilisugua kwa nguvu zangu zote. Nikikausha mbao moja, maji ya jirani yanakuja. Nililia kimya kimya, machozi yenyewe yanadondokea palepale ninapokausha, nikawa nayaogopa na hayo. Mama Yohana akapita nyuma yangu akanigusa kichwa. "Mtoto mzuri huyu," akawaambia wenzake. "Anajua kazi."

Mafundi wameniambia, ukubwani, kwamba sakafu ile ingeweza kupona. Unang'oa mbao moja moja mapema, unazipanga kivulini kwa vijiti katikati, unazigeuza, unasubiri, kisha unazirudisha na kuzipiga msasa. Hakuna aliyeing'oa. Kabla ya wiki kwisha zilikuwa zimejikunja kingo kama ukingo wa sahani, na mchana wa jua kali zilipiga kelele, ta, ta, misumari ikiachia. Mama alitandika kapeti juu yake, watu wakawa wanajikwaa na kumuomba radhi. Baadaye sana kaka zake Mama wakaweka marumaru.

Lakini siku ile zilikuwa bado zimelala, zimeloa na kuwa nyeupe, isipokuwa ile ya mlangoni iliyoanza kuinua kichwa. Gari la mwalimu mmoja wa kanisani lilisimama nje. Akina mama walisimama ukutani, wamefuta mikono, wanatabasamu. Mimi nilisimama kwenye kona yangu na sweta limenilowesha tumbo.

Baba aliletwa na watu wawili, mwalimu upande huu na Mama upande ule. Uso wake ulikuwa umekonda nikaona mifupa, na miguu ilikuwa minene imejaa kwenye kandambili, bado imevimba. Hilo lilinishangaza, mtu aliyeruhusiwa kuwa bado amevimba. Akafika mlangoni. Akasimama. Akaiona sakafu.

Niliona alivyoiona. Macho yake yalianza mlangoni kwenye ile mbao iliyoinuka, yakaenda taratibu kwa kufuata mstari mpaka dirishani, yakarudi. Nilisubiri. Nilikuwa nimekaza misuli yote kungoja lile neno lake, na nilikuwa nalitaka. Nilitaka aungurume "Nani?" mpaka mtaa mzima usikie, nilitaka awafukuze, anichape na mimi kama anataka.

Baba alivuta pumzi, fupi, akavuta nyingine.

"Mama Yohana," akasema. "Maji haya mmeyatoa wapi na mgao huu?"

"Kila mtu kwenye pipa lake, Baba Mage. Karibu nyumbani."

"Mmejitoa sana." Akapumzika. "Pamependeza. Mungu awarudishie."

Mama aliinama kumvua kandambili. Baba akamgusa bega. "Acha," akasema. "Twende hivyo hivyo." Akaingia nazo, akikanyaga katikati ya sebule, hatua zinafyonza maji, mpaka kwenye kiti walichomwandalia kwa mito. Akina mama wakapiga vigelegele.

Nilimsogelea. Nilipomkaribia alikuwa na harufu ya hospitali. Nikamwambia kwa haraka, kabla watu hawajamzunguka, kwamba nitafungua madirisha, itakauka polepole, halafu tutaipiga msasa, mimi na yeye, hata mimi sasa ni mzito naweza kusugua.

"Fungua, mama," akaniambia. "Nipate hewa."

"Na msasa?"

Alinitazama kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake, upole wa mtu anayeaga mgeni. "Si pako safi?" akasema. Akafumba macho.

Nilifungua madirisha yote. Kisha nikatoka nje kwa mlango wa nyuma. Bibi alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anapepeta uwele wa uji wa mgonjwa. Makapi yalikuwa yanamwangukia magotini naye hayapangusi. Nilikaa chini pembeni yake. Ndani pambio lilianza upya, na sauti ya Mama ilikuwa humo, juu ya zote, inacheka na kuimba kwa pamoja. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu waondoke.

"Bibi," nikasema, "Baba hajapona."

Ungo ukasimama. "Nani amekwambia?"

"Hakugomba."

Bibi aliuweka ungo chini. Alitazama mlango wa nyuma kwa muda, kule sauti zinakotokea, kisha akanivuta kichwa akakilaza kwenye magoti yake, juu ya makapi, akanifunika na kanga hadi masikioni.

"Leo usimwambie mama yako," akasema. "Leo mwache aimbe."